Gubinge ya Australia na ganda la kwetu

Wengi wenu mnaujua badamie, ule mti wa kivuli. Kule kaskazini ya Australia iko ndugu yake wa jamaa moja, Terminalia ferdinandiana. Wenyeji wa asili wa eneo la Kimberley wanauita gubinge. Ni mti wa porini, si mkubwa sana. Tunda lake ni dogo, kijani kwenda manjano, kokwa ni moja, na ukali wake unafinya mdomo.

Wazee wa kule walikuwa wanalila njiani wakienda kuwinda mbali, zaidi kama dawa kuliko chakula. Dawa ya ngozi, hiyo inatoka mu ganda: ile sehemu nyekundu ya ndani wanaitumia kwa vidonda, majipu na choa. Na tunda lilipopimwa, gramu 100 zilionekana kubeba miligramu 2000 za vitamini C, mara nyingine zaidi. Chungwa liko na karibu 50. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Hapo wanunuzi wakaamka. Kampuni moja ya vipodozi ya Marekani iliomba hati ya kumiliki namna ya kutumia tunda hilo mu mafuta ya ngozi. Watu wakapinga, na ombi la Australia likaondolewa. Leo jamii za wenyeji wenyewe zinachuma matunda porini, na baadhi zimeungana kuyauza pamoja.

Hatusemi mtafute mbegu yake. Sisi tuko na Prunus africana ku milima ya Kivu, na ganda lake linaenda Ulaya kutengeneza dawa ya prostate. Lakini tunda linarudi kila mwaka. Ganda halina haraka hiyo. Mkichuna shina kulizunguka lote, chakula kinachotoka ku majani hakishuki tena ku mizizi, na mti unakufa ungali umesimama. Shina likifikisha sentimita 30 za upana, chuneni robo mbili zinazotazamana, robo zingine mbili muache, na panga isifike ku mbao. Kisha mnangoja miaka, mpaka ganda lifunge tena. Mnunuzi akilalamika kwamba ni kidogo, mumwambie kilo hizo njo koperative imepanga, na kwa jirani atakuta ni zile zile.