Gitaa ya besi ya kwaya: kwa nini ile isiyo na betri na yenye mikro mbili inafaa zaidi Masisi na Walikale

Kwaya nyingi za Masisi na Walikale, ziwe za Katoliki, CBCA, CEPAC ao Wasabato, zinanunua vyombo vyao kwa mchango. Kila mtu anatoa kidogo, miezi inapita, na siku moja sanduku iko na franga ya kutosha kwa gitaa moja ya besi. Hiyo franga ikiingia kwa gitaa mbovu, haitarudi haraka. Watu wanavunjika moyo, na mwaka unaofuata ni vigumu kuwaomba tena. Makala hii ni kwa ajili ya wale wanaotumwa kununua, na kwa vijana wa orkestra pia: gitaa gani ya kutafuta, na nini ya kupima mbele ya kutoa hata dola moja.

Jibu kwa ufupi ni hili: tafuta besi ya nyuzi nne, ya aina inayoitwa pasivu, yenye mikro mbili zisizofanana, ile wanamuziki wanaita PJ. Tueleze sababu.

Pasivu na aktivu: tofauti iko wapi?

Chini ya nyuzi za gitaa ya umeme kuko mikro. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya ule waya. Unapita kwa butoni za sauti, unatoka kwa jaki, unaenda ku ampli, na ampli ndiyo inaukuza.

Kwa besi pasivu, njia ni hiyo tu. Kwa besi aktivu, katikati ya njia kuko kadi ndogo ya elektroniki inayokula betri ya volti 9, ile ya mraba. Kadi hiyo iko na faida: unaweza kuongeza sauti ya chini na ya juu palepale kwenye gitaa. Lakini betri ikichoka, sauti inaanza kukwaruza, na besi nyingi za aktivu zinanyamaza kabisa. Tena, ukisahau jaki ndani ya gitaa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama hakuna mtu anayepiga. Kadi yenyewe ikiungua, kupata nyingine ya namna ileile Nyabiondo ao Mubi si jambo rahisi.

Besi pasivu ndani yake kuko mikro, butoni mbili ao tatu, kapasita moja, nyaya kidogo na jaki. Fundi wa radio wa sokoni, mwenye chuma cha kusude na risasi, anaweza kuitengeneza.

Na tusisahau hali yetu. Watu wa huku wamekimbia vita mara nyingi. Gitaa inafungwa mgongoni, inalala kwa familia iliyowapokea, wakati mwingine miezi mingi bila kuguswa. Betri iliyosahauliwa ndani inaweza kuvuja maji yake na kula nyaya. Gitaa pasivu inaweza kulala mwaka mzima: ukisha kuipanga nyuzi, inaimba.

PJ maana yake nini?

Herufi hizo mbili zinatoka kwa gitaa mbili za Leo Fender wa California, Marekani. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass, na mwaka 1957 akaipa mikro iliyokatwa vipande viwili. Mwaka 1960 alitoa Jazz Bass, yenye mikro nyembamba na ndefu kama rula. Leo viwanda vingi vinaweka zote mbili kwenye gitaa moja: P karibu na katikati, J karibu na daraja, pale nyuzi zinafungiwa.

Mikro ya P inatoa sauti nene, ya kifua. Ukiwa na kwaya ya watu arobaini na ngoma inapigwa, ndiyo inabeba wote. Mikro ya J inatoa sauti kavu, inayokata, ambayo kila kidole kinasikika. Ukipiga rumba na ukafika kwa sebene, pale besi inapoanza kukimbia na kurukaruka, hiyo J inasaidia watu wasikie unachofanya. Wale waliokua na nyimbo za TPOK Jazz wanakumbuka kazi ya vidole vya Decca Mpudi na Flavien Makabi: besi haikuwa ya kujaza nafasi tu, ilikuwa inaongea. Rumba hiyo UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021.

Kwa hiyo PJ ni gitaa mbili kwa bei ya moja. Siku ya Mungu asubuhi unafungua P zaidi. Siku ya harusi unaongeza J. Kwa kawaida kuko butoni mbili za sauti, moja kwa kila mikro, na ya tatu ya toni.

Iko na ubaya mmoja wa kujua. Mikro ya P, juu ya vipande vyake viwili vilivyozungushwa kinyume, inafuta mlio wa umeme. Mikro ya J mara nyingi haina dawa hiyo. Ukiifungua peke yake karibu na jenereta, taa za neon ao mashine ya kugeuza umeme wa panno ya jua, utasikia “hmmm”. Hiyo si gitaa kuharibika. Ongeza P, punguza J kidogo, ao geuka upande mwingine na ukae mbali na mashine.

Majina ya kutafuta

Kati ya zile za bei ya chini, Yamaha TRBX174 ni pasivu na ni PJ. Yamaha RBX170, iliyotangulia, ni hivyo pia, na inaweza kupatikana kwa mitumba. Squier, ambayo ni jina la bei ndogo la Fender, inatoa Affinity Precision Bass PJ, nayo ni pasivu. Zikiwa mpya, huko Marekani zilikuwa zinauzwa karibu dola 200 mpaka 300, lakini bei inabadilika. Huku ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Angalia vizuri Ibanez GSR200. Kwa macho ni PJ kama wenzake, na ni gitaa nzuri, lakini iko na butoni ya kuongeza besi inayotumia betri ya volti 9. Ukikuta gitaa usiyoijua, geuza mgongo wake: kifuniko kidogo cha betri kinakuambia ni aktivu. Kama hakuna, omba wafungue kifuniko kikubwa cha nyaya uangalie.

Jina lililobandikwa kichwani si ushahidi, mtu anaweza kubandika lolote. Pima gitaa, si jina.

Vitu saba vya kupima dukani

Kwanza, ichomeke ku ampli. Muuzaji akisema “itaimba ukifika nyumbani”, acha. Pili, fungua kila mikro peke yake, halafu zote mbili. Gonga taratibu juu ya kila moja na kitu cha chuma: utasikia “tok”. Tatu, zungusha kila butoni. Mkwaruzo kidogo ni vumbi, kukatika kabisa ni ugonjwa. Ine, tikisa jaki, sauti isikatike.

Tano, angalia shingo. Bonyeza uzi mnene, ile Mi, kwenye freti ya kwanza na kwenye ya mwisho kwa pamoja, halafu tazama katikati. Nafasi ndogo kama unene wa kadi ya simu ni sawa. Ukiona kidole kinaweza kupita, shingo imepinda. Shingo nyingi ziko na fimbo ya chuma ndani ya kuinyoosha. Uliza ufunguo wake, na uhakikishe unazunguka.

Sita, piga kila uzi kwenye kila freti, moja moja. Sauti isife wala isilie “zzz” pahali pamoja tu. Saba, kwenye freti ya 12, gusa uzi bila kuubonyeza, sikiliza, halafu ubonyeze. Sauti hizo mbili lazima zifanane. Zikiachana, daraja linahitaji kupangwa. Kazi hiyo inawezekana, lakini inakupa nguvu ya kushusha bei.

Kununua mbali na nyumbani

Wa Masisi wengi wananunulia Goma. Wa Walikale wanatazama pia Bukavu ao Kisangani. Tangu M23 kuingia Goma mwisho wa Januari 2025, banki za mji zilifunga na uwanja wa ndege ukasimama, na franga imetembea zaidi kwa simu ao mkononi. Kwa hiyo msimpe mtu mmoja franga yote atembee nayo barabarani. Tumeni wawili, mmoja ambaye anajua kupiga. Mlipe kwa simu ikisha pimwa, na muombe karatasi yenye jina la duka na namba ya gitaa. Ile karatasi itawasaidia hata kwa kizuizi cha barabarani, mkiulizwa mali ni ya nani.

Wekeni pembeni franga ya nyuzi za akiba, kabo ya jaki na begi. Besi haipendi ampli ndogo ya gitaa ya solo, wala bafle dhaifu: sauti za chini zinaweza kupasua spika. Na kwa besi pasivu, kabo isizidi mita 5 ao 6. Ikiwa ndefu sana, sauti inakuwa butu. Mkiiingiza moja kwa moja ku meza ya sono, tafuteni kisanduku cha DI cha katikati.

Kuitunza

Milima ya Masisi ni baridi, msitu wa Walikale ni joto na unyevu. Mbao inasikia mabadiliko hayo. Gitaa ikisafiri, iache ipumzike ndani ya begi siku moja, halafu pima shingo tena. Futa nyuzi na kitambaa kikavu kila mara ukimaliza. Nyuzi zikizeeka na hakuna franga ya mpya, zitoe, zichemshe ndani ya maji safi dakika 10, zikaushe kabisa, urudishe. Zitaimba tena kwa muda.

Mwisho, andikeni ndani ya kitabu cha kwaya nani anaitunza na nani anaibeba siku ya shida. Gitaa ya wote bila mwenye kuijibia ndiyo inapotea ya kwanza.