Tukisema «rezo iko mubaya», ni rezo gani?

Hapa Lubumbashi neno «rezo» linabeba mzigo mkubwa. Vijiti vya simu vikipungua, rezo iko mubaya. Ukurasa ukikataa kufunguka, rezo iko mubaya. Hata mega zikiisha, wengine husema hivyo hivyo. Darasani, katika somo la semantiki, huo ni mfano mzuri wa neno moja lenye maana nyingi. Lakini kwa mtu anayengojea faili iondoke kabla ya saa sita usiku, neno hilo linaficha ugonjwa.

Mimi niligundua hivyo mwezi uliopita. Nilikuwa nimerekodi saa moja ya mazungumzo ya Kisanga kwa ajili ya sura ya toni katika memware yangu, na profesa anayeniongoza alitaka kuyasikiliza kabla ya kusafiri asubuhi. Kama wanafunzi wengi, kompyuta yangu hupata intaneti kutoka kwenye simu, kwa Wi-Fi. Nilipoanza kutuma, kompyuta iliandika kwamba zimebaki saa tisa. Nikafanya kosa letu la kawaida: nikanunua mega nyingine kwa pesa ya basi ya kesho yake. Zikabaki saa tisa vilevile. Mega ni wingi, si mwendo. Kama hazijaisha, kuongeza nyingine hakubadili kitu.

Ndipo nikakaa kuichunguza njia yenyewe, jinsi tunavyokata sentensi vipande. Kipande cha kwanza ni ndani ya kompyuta: ni programu gani zinazotumia intaneti? Cha pili ni hewa iliyo kati ya kompyuta na simu. Hiyo tu ndiyo Wi-Fi. Cha tatu ni kutoka simu mpaka mnara wa kampuni na kwingineko duniani. Tatizo likiwa katika kipande cha pili, kuilaani kampuni ni bure.

Kuvitenganisha si kazi ngumu. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, utafute namba iliyo mbele ya «Passerelle par défaut». Namba hiyo ndiyo simu yako, au ruta kama uko kwenye Wi-Fi ya nyumba. Kisha andika ping, uache nafasi, na uweke namba hiyo. Kompyuta itarusha ujumbe mdogo na kupima muda wa kupata jibu, kama mtu anayeita na kusikiliza mwangwi. Simu ikiwa karibu, jibu hurudi kwa milisekunde chache. Baadaye fanya ping 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google inayojibu watu wote. Jibu la kwanza likiwa la haraka na la pili likichelewa au kupotea, tatizo liko mbele ya simu: sogea dirishani, au ngoja usiku watu wapungue. Jibu la kwanza likiyumba, tatizo liko chumbani mwako.

Langu liliyumba: milisekunde 4, kisha 310, kisha kimya. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye dirisha la sebule ili ishike mnara vizuri, nami nilikuwa chumbani, nyuma ya kuta mbili za matofali. Tena nilikuwa nimevaa visikilizi vya Bluetooth, vinavyotumia mawimbi yaleyale ya gigaherzi 2.4 kama Wi-Fi ya simu yangu. Nikavua visikilizi, nikahamishia meza dirishani. Simu yenye uwezo wa gigaherzi 5 huenda kasi zaidi ikiwa karibu, lakini mawimbi hayo huchoka upesi ukutani. Mwenye kebo ya USB ana dawa bora: aunganishe simu kwa kebo, na kipande cha pili hakipo tena.

Umeme nao ulikuwa umekatika (msomaji hatashangaa). Kompyuta ikitumia betri, huweza kubana nguvu ya kadi ya Wi-Fi ili kuokoa chaji. Katika mipangilio ya nishati unaweza kuizuia isifanye hivyo.

Ping ikatulia, lakini faili bado lilitambaa. Nikabonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja ili kuona kazi zinazoendelea, ambako safu ninayoihitaji inaitwa, eti, «Réseau». Hapo nikamkuta mwizi: programu ya kuhifadhi nakala mtandaoni ilikuwa ikipandisha rekodi zangu zote za mwaka mzima. Windows haikujua kwamba ninalipia kila mega. Iliiona simu yangu kama Wi-Fi yoyote. Nikasimamisha programu hiyo, nikafungua mipangilio ya Wi-Fi na kuwasha «Connexion limitée». Fanya hivyo leo, hata kama huna haraka, maana masasisho makubwa ya Windows nayo hungoja.

Likabaki swali la uzito. Sauti ya WAV ya mkondo mmoja, sampuli 44 100 kwa sekunde na biti 16, ina megabaiti 318 hivi kwa saa. Kipimo cha mwendo kiliniambia megabiti 2 kwa sekunde za kupandisha. Biti si baiti: baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo 318 mara 8, ugawe kwa 2, unapata sekunde 1272, dakika 21. Nikaigeuza kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chembe ya sauti, ikashuka karibu nusu. MP3 ingekuwa nyepesi zaidi, ila hutupa sehemu ya sauti, na mimi sitaki kutetea toni zangu mbele ya jopo kwa sauti iliyopunguzwa. Praat hufungua FLAC bila shida.

Faili liliondoka saa tano na dakika 40 usiku. Asubuhi profesa aliniandikia kutoka uwanja wa ndege kwamba mbwa anabweka kuanzia dakika ya 12, na sehemu hiyo niirekodi upya.