Bajeti Ndogo, Ushindi Mkubwa: Msingi wa Timu ya Taifa Huanzia Uwanja wa Shule

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Moscow mwaka 1980, nchi mbili za Afrika zilipata nafasi ya kucheza mpira wa magongo kwa sababu moja: mataifa kadhaa yalisusia michezo hiyo na nafasi zao zikabaki wazi. Zimbabwe ilipeleka timu ya wanawake, Tanzania ikapeleka ya wanaume. Zimbabwe ilirejea na medali ya dhahabu. Tanzania ilishika nafasi ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, baada ya kupoteza mechi zake zote, ikiwemo ile iliyofungwa na India mabao 18 kwa bila.

Tofauti hiyo inajibu swali ambalo wananchi huuliza kila timu ya Taifa inaposafiri: timu yenye fedha kidogo inawezaje kushinda? Jibu lake linawahusu pia wakazi wa Ifakara na bonde la Kilombero, ambako kwa watoto wengi kiwanja cha michezo ni kile cha shule.

Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru Aprili 18 mwaka huohuo. Timu yake iliundwa zikiwa zimesalia wiki chache tu, na wachezaji hawakuwa na uzoefu wa nyasi bandia. Hata hivyo, walishinda mechi tatu na kutoka sare mbili bila kupoteza hata moja. Wachezaji hao wote walikuwa wazungu, waliolelewa kimichezo katika shule na klabu zenye viwanja na walimu, fursa ambayo utawala wa kibaguzi uliwanyima wananchi walio wengi. Kwa maneno mengine, gharama za ushindi zilikwishalipwa miaka mingi kabla ya safari. Kilichokuwa kidogo ni maandalizi ya mwisho, si msingi.

Kenya nayo inatoa funzo la aina hiyo. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lililofanyika Barcelona, Hispania, timu yake ya wanaume ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne, ikiyaacha nyuma mataifa tajiri. Wachezaji kama Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne kuanzia mwaka 1960 hadi 1972, walitokana na klabu za jamii, hasa za Wakenya wenye asili ya Asia, zilizoendesha mashindano mara kwa mara na kurithisha ujuzi kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Hata hivyo, msingi peke yake hautoshi. Tangu Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mpira wa magongo ulianza kuchezwa kwenye nyasi bandia. Juu ya nyasi hizo mpira hukimbia kwa kasi zaidi na hauruki ovyo kama kwenye ardhi yenye mabonde. Timu iliyozoea nyasi za asili au vumbi hulazimika kujifunza upya namna ya kupokea na kutoa pasi. Viwanja hivyo ni ghali kujenga na kutunza, hivyo nchi zisizo navyo huanza mashindano zikiwa zimeachwa nyuma.

Kwa Tanzania, Moscow ilikuwa na sura ya pili. Filbert Bayi alitwaa medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akatwaa ya fedha katika mita 5,000. Hawakuwa wageni katika mashindano makubwa: Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mwaka 1974. Miaka 42 baadaye, mwaka 2022, timu ya soka ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliifunga Ufaransa mabao 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India.

Kwa bonde la Kilombero, funzo ni kwamba safari ya mchezaji wa Taifa huanza mapema. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari humpa mwanafunzi njia ya kutoka shuleni hadi ngazi ya wilaya, mkoa na Taifa. Njia hiyo hufungwa pale eneo la michezo linapovamiwa kwa kilimo au ujenzi, uwanja unapoachwa ujae maji masika yote, au binti anapozuiwa kucheza ili abaki na kazi za nyumbani.

Kamati za shule, serikali za vijiji na mitaa, pamoja na wazazi, wanaweza kuyazuia hayo kwa kuweka mipaka ya viwanja, kuchimba mitaro na kuwapa watoto muda wa mazoezi. Fedha za kambi na safari zinaweza kutafutwa mwaka wa mashindano. Miaka kumi ya mazoezi ya mtoto haiwezi kununuliwa mwaka huo.