Kebo Inapokatika, Majibu ya Maabara Yapite Wapi?

Hospitali inayotumia kompyuta hupitisha majibu ya maabara, picha za eksirei na maombi ya damu katika swichi na kebo za mtandao. Kebo ikikatika, mitambo huchukua muda gani kutambua? Itifaki ya OSPF, katika mpangilio wa kawaida wa mitambo mingi, husubiri sekunde 40 kabla ya kumhesabu jirani aliyenyamaza kuwa hayupo. Itifaki ya BFD, iliyosanifishwa mwaka 2010, hufupisha muda huo. Swichi mbili zikipelekeana ishara kila milisekunde 50, mithili ya mapigo ya moyo, na tatu mfululizo zikikosekana, hitilafu hutambulika ndani ya milisekunde 150, na data ikaelekezwa njia ya pili.

Hata hivyo, kasi ina masharti. Muda uliofupishwa kupita uwezo wa swichi huifanya itangaze hitilafu isiyokuwepo. Aidha, njia ya pili isilazwe katika mtaro mmoja na ya kwanza, kwani jembe moja litazikata zote. Nazo fomu za karatasi zisiondolewe wodini: mtandao ukizimika kabisa, mgonjwa anayetoka damu hawezi kusubiri.