Gari Kongwe na Tabia Zake: Nasaha kwa Familia Iliyorithi MGB

Alasiri moja, mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia barazani pamoja na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Marehemu babake mama huyo alikuwa ameacha gari dogo la spoti, MGB, lililokaa bandani chini ya turubai kwa miaka tisa. Kijana alikuwa ameshanunua betri, ametia petroli mpya, na injini imewaka. "Sheikh," akatuambia kwa furaha, "kesho alfajiri nampeleka mama Malindi nalo." Mama hakutamka neno, alitutazama tu.

Tulimwuliza swali moja: "Mwanangu, umeona kwamba linakwenda. Je, umeona kwamba linasimama?"

Kijana alinyamaza. Kwa ajili ya kimya kile, tumeona tuandike haya, yawafae wengine walioachiwa au walionunua gari la namna hii. Ami yetu alikuwa nalo moja, na Jumamosi nyingi za utoto wetu zilipita tukimshikia tochi na spana.

MGB liliundwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000. Injini yake ni ya silinda nne, ujazo wa lita 1.8, nayo hulishwa petroli na kabureta. Gari halina kompyuta ya kumwonya dereva wala ya kurekebisha kosa lake. Watu husema lina kiburi, kumbe linataka mwenyewe awe na jicho na sikio.

Basi la kwanza ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani yetu haikosi unyevu. Mafuta yaliyozeeka huchemka breki zinapopata moto, na kanyagio likazama hadi chini. Gari lililokaa miaka lisitoke uani kabla mafuta hayo hayajamwagwa yote na kutiwa mapya. Baada ya hapo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Mipira ya breki ikaguliwe, na magurudumu ya nyuma yafunguliwe, kwani humo ndimo mafuta huvuja pasipo mtu kuona. MGB za mwanzo zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: ikipasuka mahali pamoja, breki ya miguu imekwenda yote.

La pili ni petroli. Katika injini hii kabureta zimekaa juu ya mabomba ya ekzosi yenye moto mkali. Mpira mkavu wenye nyufa ukidondosha petroli hapo, maafa hayako mbali. Badilisha mipira yote ya petroli siku ya kwanza, usiihurumie. Weka kizima moto karibu na kiti cha dereva. Vilevile jifunze kusikiliza: ukifungua ufunguo, pampu iliyoko nyuma itagonga tik-tik-tik, kisha itatulia. Ikigonga bila kukoma, ama petroli imekwisha ama inavuja mahali, zima, ukatazame. Injini hizi pia ziliundwa zama za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Mwulize fundi kama viti vya valvu vimewahi kubadilishwa vikawekwa vigumu.

La tatu ni umeme. MGB za kabla ya mwisho wa mwaka 1967 ziliunganishwa kinyume na magari ya leo: upande chanya wa betri ndio unaokwenda kwenye bodi. Kijana asiyejua hilo akafunga redio au chaja ya simu, ataunguza kifaa, na pengine nyaya pia. Betri zenyewe hukaa nyuma ya viti, na kwa miaka mingi zilikuwa mbili za volti sita zilizounganishwa pamoja. Taa zikififia au gari likikataa kuwaka, usikimbilie kununua vifaa. Safisha kwanza miunganisho, hasa pale nyaya zinaposhika bodi. Mara nyingi ugonjwa ni kutu ya chumvi tu.

La nne ni joto. Gari hili lilizaliwa katika nchi ya baridi, nasi twalipeleka kwenye msururu wa feri ya Likoni saa saba za mchana. Redieta ioshwe ndani, feni na mkanda wake vitazamwe, na jicho la dereva lisiache kipimo cha joto. Foleni isiposogea, zima injini. Wala usifungue kifuniko cha redieta ingali moto. Mvuke wake hubabua uso.

La tano ni kutu, adui mkubwa kuliko yote. Nguvu ya bodi ya MGB imo katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Vikiliwa, gari hupinda katikati hata rangi ingali inang'aa. Chukua sumaku ndogo uipitishe hapo. Isiponata, pamezibwa kwa bodifila. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari hili ni ghali. Baada ya safari ya ufukweni, lioshe kwa maji baridi hadi chini ya tumbo.

Kuhusu fundi, mtafute mtu mzima aliyezoea kabureta, na spana zake ziwe za inchi, kwani zile za milimita hula vichwa vya nati. Vipuri si tatizo kubwa: Uingereza hutengenezwa vipya hadi leo, na tangu mwaka 1988 hata bodi nzima hupatikana. Kilicho adimu ni ujuzi, kwa hiyo kijana wa nyumba asimame kando ya fundi ajifunze.

Sasa twende kwenye yale ya nyumbani. Gari la marehemu ni la warithi wote hadi ligawanywe. Asitokee mmoja akalitengeneza kwa fedha nyingi, kisha akadai limekuwa lake. Lithaminiwe kwanza, wakubaliane, na gharama ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tengeni kiasi cha kila mwezi ambacho hakitagusa karo wala chakula. Na kwa kuwa viti ni viwili, watoto wasirundikwe nyuma. Mengine hayana hata mikanda. Ifungwe kabla ya safari ya kwanza.

Tukirudi kwa yule kijana, safari ya Malindi iliahirishwa. Fundi alipofungua magurudumu ya nyuma, alikuta breki zimelowa mafuta pande zote mbili, na mpira mmoja wa mbele umebaki kama karatasi. Kijana alituletea mpira ule barazani akauweka mbele yetu bila kusema kitu. Matengenezo yalichukua miezi mitatu, kwa fedha walizokubaliana yeye, mama na wajomba zake.

Safari yao ya kwanza ilikuwa fupi, hadi Nyali na kurudi, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Mama alitusimulia kwamba kijana alipofungua ufunguo, alimshika mkono akamwambia angoje kidogo. Alitaka kuisikiliza ile pampu ikigonga hadi itulie, kama alivyokuwa akiisikia kila babake alipokuwa akitoka.