Kutajwa si Kusifiwa

Ukitafuta fundi wa nguo Riruta, kando ya Naivasha Road, jirani hakuhesabii ni mara ngapi jina la fundi limetajwa mtaani. Anakuambia alishona nini na mshono ulidumu vipi. Pengine anayetajwa kuliko wote ni yule aliyehama usiku na vitambaa vya watu.

Watafiti wa ubongo, kazi zao zinapopimwa, hawana jirani wa aina hiyo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa California, alipendekeza fahirisi ya h: mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20 ana h ya 20. Ni hesabu safi, nayo hupendwa na kamati za kupandisha vyeo zenye mafaili mengi na muda mchache. Kasoro yake ni kwamba haiulizi mtu alinukuliwa kwa lipi.

Nairobi ina mfano wa kale. Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa serikali ya kikoloni aliyepasua na kuchunguza maiti, alichapisha katika Journal of Anatomy makala juu ya ubongo wa wenyeji wa Kenya, akidai kwamba gamba lake ni pungufu likilinganishwa na la Mzungu. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyategemea matokeo hayo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kilichomfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha ripoti ya Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau, waasi waliodai ardhi. Dai hilo la ardhi likalazwa wodini.

Mwaka 1961 Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimkosoa Carothers bila huruma. Kwa mashine ya kuhesabu marejeleo, huyo ni mteja kama wengine: amemtaja Carothers, basi Carothers ameongeza moja. Wanahistoria waliokuja kumchambua wamemwongezea nyingi zaidi. Ukoloni ulikwisha, hesabu ya Carothers ingali inapanda.

Ugonjwa huu wa kudhani kutajwa ni ushahidi si wa madaktari peke yao. Kwa miaka mingi ripoti zilisema kwamba Kibera, ng'ambo ya Ngong Road, ina watu milioni moja au zaidi. Ripoti ilinukuu ripoti, hadi namba hiyo ikawa na tanbihi nyingi kuliko ushahidi. Sensa ya 2009 ikapata watu 170,070. Sensa inaweza kubishaniwa, lakini angalau ilituma makarani milangoni.

Marejeleo yasitupwe yote, kwani kuna kazi zinazostahili yale ziliyopata. Mwaka 2013 Anthony Ngugi, Charles Newton na wenzao walichapisha katika Lancet Neurology utafiti wa kifafa uliofanyika Kilifi (Kenya), Ifakara (Tanzania), Iganga na Mayuge (Uganda), Kintampo (Ghana) na Agincourt (Afrika Kusini). Walipita katika jamii badala ya kungoja wagonjwa hospitalini, wakaona kifafa kikihusiana na matatizo ya kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea. Maana yake ni kwamba sehemu ya ugonjwa ambao wengi huuita laana inaweza kuzuiwa. Mkunga wa kituo cha afya anayemwahi mtoto kabla hajakosa hewa anaufanyia kazi utafiti huo, hata kama hajausoma. Kwa kuwa haandiki makala, katika fahirisi yeye ni sifuri.

Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotangazwa mwaka huohuo wa 2013, liliwataka waajiri na wafadhili waipime kazi yenyewe, si jina la jarida lililoichapisha. Kamati zetu za kupandisha vyeo zinaweza kuanza na jambo dogo: zisome makala tatu bora za mwombaji, kisha zisome baadhi ya wale waliomnukuu na kuuliza kama walimthibitisha, walimpinga au walimrudia tu. Kazi hiyo itawachukulia wajumbe alasiri nzima. Uprofesa ni cheo cha maisha, na alasiri moja si bei ghali.