Kundi la Damu Linapogoma Kusomeka

Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu wiki iliyopita huipa maabara kazi ngumu. Kitendanishi kikidondoshwa kwenye sampuli yake, baadhi ya seli nyekundu hushikana na nyingine hubaki zimetawanyika, kwa kuwa zake zimechanganyika na za wachangiaji.

Tangu Karl Landsteiner aeleze makundi ya damu mwaka 1901, maabara hutafuta alama zilizo juu ya seli nyekundu. Kipimo cha vinasaba hupita njia nyingine: husoma DNA kutoka seli nyeupe. Seli nyeupe za mchangiaji zinazobaki mwilini kwa kawaida ni chache mno kuvuruga jibu, hivyo kinachosomwa ni cha mgonjwa mwenyewe.

Faida yake kwa Waafrika huonekana wazi katika kundi la Duffy. Wengi wetu hatuna alama zake kwenye seli nyekundu, na hali hiyo hutukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria ya vivax. Kipimo cha kawaida huishia kusema alama hazipo. DNA hueleza sababu: herufi moja imebadilika mahali panapoiwasha jeni, ikaizima kwenye seli nyekundu tu. Tishu nyingine huendelea kutengeneza Duffy b, mojawapo ya alama hizo, kwa hiyo mwili hauioni kuwa ngeni wala hauiundii kingamwili. Mgonjwa mwenye badiliko hilo anaweza kupewa damu yenye Duffy b, na orodha ya wachangiaji wanaomfaa hurefuka ghafla.

RhD, alama inayofanya damu iitwe chanya au hasi, ina mtego wake. Mwaka 2000 wanasayansi walieleza jeni ya RhD inayopatikana kwa Waafrika wengi walio hasi: ipo, lakini haifanyi kazi. Kipimo kinachoangalia kipande kimoja tu cha jeni kinaweza kumtangaza mtu huyo kuwa chanya, naye akaongezewa damu inayoweza kumfanya atengeneze kingamwili. Ndiyo maana kipimo kilichotungwa kwa kutazama jeni za Wazungu peke yake hakipaswi kuaminiwa Dar es Salaam au Kisumu.

Uingereza ilianza Januari 2024 kuwapima vinasaba vya makundi ya damu wagonjwa wa selimundu na thalasemia. Hata huko, damu bado hulinganishwa na ya mgonjwa kabla ya kuongezwa. Na aliyepandikizwa uboho huchukuliwa pia sampuli ya shavuni, kwani DNA ya damu yake sasa ni ya aliyempa uboho.